Mabishano ya mpira mbele ya televisheni: sheria inasema nini?

Siku Léopards wanacheza, wakaaji wa Bunia wanajua namna inavyoenda. Mtaani, mwenye sine anawasha jenereta mapema, watu wanabanana kwenye mabanko, na mwamuzi akipuliza filimbi tu, vita vya maneno vinaanza. "Iko hors-jeu!" "Haiko, papa, angalia vizuri!" Mara nyingine franga za pari ziko katikati, na marafiki wanarudi nyumbani bila kusalimiana. Hapa tunachukua mechi ambazo wengi wetu tunazikumbuka, tuone kitabu cha sheria kinasema nini.

Tuanze na usiku wa tarehe 28 Januari 2024, RDC na Misri, kule San-Pédro, Côte d'Ivoire. Mechi ilianza saa nne ya usiku kwa saa yetu ya Bunia. Dakika 90 zikaisha 1-1, nyongeza ikaisha hivyo hivyo, tukaingia kwenye penalti. Kila ekipe ikafika mpigo wa tisa. Kipa wa Misri, Gabaski, akagonga mwamba. Kisha kipa wetu Lionel Mpasi akaweka mpira chini, akafunga. RDC ikapita 8-7.

Swali lililosikika: kipa anaruhusiwa kupiga? Ndiyo. Kila aliyekuwa ndani ya mchezo mwisho wa nyongeza ana haki ya kupiga, kipa naye, na hakuna anayepiga mara ya pili kabla wenzake wote hawajapiga. Kuna jambo lingine ambalo wengi hawalijui. Misri ilikuwa imepata kadi nyekundu wakati wa nyongeza, ikabaki na watu 10. Katika penalti namba lazima ilingane, kwa hiyo na RDC ilipaswa kumtoa mmoja kwenye hesabu. Bila sheria hiyo, ekipe yenye watu 10 ingemrudisha mpigaji wake bora mapema kuliko yenye 11, na adhabu ingegeuka faida.

Je, kipa anaweza kubadilishwa dakika ya mwisho kwa ajili ya penalti? Anaweza, kama kocha amebakiwa na nafasi ya kubadilisha na mchezo haujaisha. Ndivyo ilivyokuwa Rabat, tarehe 16 Novemba 2025, dhidi ya Nigeria: Mpasi akatoka, Timothy Fayulu akaingia mwishoni mwa nyongeza, na RDC ikashinda penalti 4-3. Penalti zikishaanza, kipa mpya anaingia tu kama aliyepo hawezi kuendelea, kwa mfano ameumia.

Turudi 2024, nusu fainali na Côte d'Ivoire, tarehe 7 Februari. Watu wengi wanaikumbuka kwa sababu wachezaji wetu waliziba midomo kwa mkono na kuelekeza vidole viwili kwenye kichwa kama bunduki, kwa ajili ya vita vya huku kwetu mashariki. Lakini mwanzoni Cédric Bakambu alitia mpira wavuni na mwamuzi akakataa. "Wanatuiba!" Hapana. Kipa akishashika mpira kwa mikono, hata akiubana chini kwa mkono mmoja tu, mpira ni wake. Kuupiga au kujaribu kuupiga ni kosa. Tulifungwa 1-0, bao la Haller, na lile la Bakambu halikuwa bao, hata tukilia mpaka asubuhi.

Kipa naye ana mpaka wake. Tangu Julai 2025, akishika mpira zaidi ya sekunde 8, wapinzani wanapewa kona. Mwamuzi anainua mkono na kuhesabu sekunde 5 za mwisho kwa vidole.

Sasa hors-jeu yenyewe, yaani kuotea. Kosa la mabishano mengi ni kusema "beki wa mwisho". Sheria inahesabu mpinzani wa pili kutoka mwisho, na kipa ni mmoja kati ya hao wawili. Kipa akitoka mbele na nyuma akabaki beki mmoja peke yake, mshambuliaji aliye nyuma ya huyo kipa ameotea, ingawa beki yupo. Akiwa sawasawa naye, hajaotea. Akiwa kwenye nusu yake, hajaotea. Na mpira wa kurusha, wa kona, na ule wa goli hauna kuotea kabisa.

Wazee wetu wanakumbuka jambo zito zaidi: Kombe la Dunia 1974, Ujerumani Magharibi, tulipokuwa Zaïre. Tarehe 18 Juni, katika mechi na Yugoslavia iliyoisha 9-0, mwamuzi alimtoa Ndaye Mulamba kwa teke ambalo mwenzake Mwepu Ilunga ndiye aliyempiga mwamuzi. Mulamba alikuwa ametoka kufunga mabao 9 katika Kombe la Afrika mwaka huo huo! Kumkosea mchezaji kwa mwingine ni mojawapo ya mambo ambayo leo VAR inayaangalia.

Siku nne baadaye, Gelsenkirchen, Brazili wakapata mpira wa adhabu. Mwamuzi akapuliza, na kabla Mbrazili hajagusa, Ilunga akatoka mbio kwenye ukuta na kuupiga mpira mbali. Kadi ya njano. Dunia ikacheka: Waafrika hawajui sheria. Picha hiyo wameirudia miaka mingi kama kichekesho.

Lakini huyo ni mtu aliyebeba Kombe la Afrika. Yeye mwenyewe alieleza baadaye kwamba sheria alizijua. Kwamba hakuona sababu ya kuumia uwanjani wakati wengine ndio wangefaidika na pesa. Wachezaji walikuwa hawajalipwa, na walitishwa na watu wa Mobutu wasifungwe zaidi ya mabao matatu na Brazili. Mechi iliisha 3-0.

Ilunga alifariki Mei 2015. Sheria ya mpira wa adhabu haijabadilika: mpinzani anakaa mita 9.15 mpaka mpira upigwe, na anayetoka mbele ya wakati anaonyeshwa njano, kama alivyoonyeshwa yeye.