Uraibu wa Heroini na Arosto

Uraibu ni maradhi yanayoshika mwili na nafsi kwa pamoja, na alama yake kubwa ni mtu kuendelea kutumia kilevi ilhali madhara yake ayaona kwa macho yake, na azma ya kuacha anayo, walakini uwezo wa kuitimiza umemponyoka. Arosto ni mateso yanayomshika mraibu pindi akikikosa kilevi alichokizoea: ya tumbaku ni hamaki na kukosa utulivu, ya pombe yaweza kuua, na ya heroini, inayoelezwa hapa kwa tafsili, imezijua nyumba nyingi za Mombasa, Unguja na Dar es Salaam tangu unga, kama heroini iitwavyo mitaani, ulipoanza kuenea pwani katika miaka ya 1980.

Heroini asili yake ni afyuni, na kiwanda cha Bayer cha Ujerumani kiliiuza tangu mwaka 1898 kuwa dawa ya kikohozi. Ikiingia mwilini hugeuka morfini, ikakalia katika ubongo vipokezi ambavyo Mola aliviumba kwa ajili ya vituliza maumivu vya mwili wenyewe. Ubongo, kwa kuwa watulizwa kila siku kwa nguvu isiyo yake, huzidisha kazi ya zile sehemu zinazomwamsha na kumtahadharisha mtu, hasa zitoazo noradrenalini. Na siku unga usipopatikana, kazi hiyo hubaki bila kizuizi. Ndiyo maana arosto huwa kinyume cha athari za unga: tumbo lililofunga huhara, mboni zilizosinyaa hupanuka, na aliyekuwa akisinzia hukesha.

Huanza aghalabu muda wa saa 6 hadi 12 baada ya kipimo cha mwisho, kwa miayo, machozi na makamasi; kisha malaika ya mwili husimama, tumbo hunyonga, matapishi huja, na maumivu ambayo wenyewe husema yamo ndani ya mifupa. Ukali wake hufikia upeo siku ya pili au ya tatu, na mwili hutulia baada ya wiki moja hivi. Ajuaye haya hatastaajabu kwamba mraibu wa miaka mingi hautafuti tena unga kwa starehe, bali kwa kuikimbia arosto. Na kumwita teja kwa dharau, kana kwamba ni mtu aliyechagua udhalili, ni dhulma.

Arosto ya heroini ni nadra kumuua mtu mzima mwenye siha, iwapo hakuishiwa maji mwilini. Ya pombe ni jambo jingine: mlevi wa miaka mingi akikatishwa ghafula aweza kupatwa na kifafa ndani ya siku mbili, na baadaye kuweweseka, kutetemeka na kuona visivyokuwapo, hata akafa; huyo asiachishwe nyumbani asilani, bali afikishwe kwa tabibu.

Mwili ukishatulia, nafsi bado ni mgonjwa. Ukosefu wa usingizi, wasiwasi, na kutoonja ladha ya jambo lolote huweza kudumu wiki nyingi au miezi. Wako walioanza unga kwa kutafuta kusahau msiba au kitisho cha utotoni, na wako ambao sonona iliwajia baada ya unga. Katika siku za mwanzo ni vigumu kuwapambanua hawa na wale, kwa hiyo tabibu mwenye busara humchunguza mgonjwa tena baada ya wiki kadhaa, ila fikira za kujiua hazingojwi hata siku moja.

Hatari kubwa kuliko zote hujificha katika kipindi hicho cha baada ya arosto. Aliyetoka gerezani, au katika nyumba za soba wanamokaa waraibu ili kuacha unga, au katika chumba alichofungiwa na jamaa zake, mwili wake umekwisha kupoteza ustahimilivu. Akirudia kipimo chake cha zamani, pumzi husita naye hufa. Dawa ya naloksoni huweza kuirudisha pumzi hiyo ikiwahi.

Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilifungua kliniki ya methadoni mwaka 2011, na Malindi, nchini Kenya, ikafuata mwaka 2015. Dawa hii hunywewa mara moja kwa siku mbele ya mhudumu, huizuia arosto bila kumlewesha aliyepimiwa sawasawa, na hupunguza vifo. Jamaa wa mraibu, basi, kabla ya kutia kufuli mlangoni, na ampeleke kliniki, na huko mgonjwa aseme pia habari za huzuni yake na usingizi wake.