Akiba ya Chuma Ianzayo Tumboni

Historia ya upungufu wa damu Pemba husimuliwa kwa kuanzia malaria na safura. Naona ianzie nyuma zaidi, kwenye ini la mtoto aliye tumboni. Katika wiki ya nne ya mimba, seli huchipuka kutoka utumbo mchanga na kupenya tishu iliyo chini ya moyo. Kufikia wiki ya sita, seli mama za damu, zilizozaliwa kwingine, zimeshaanza kuhamia humo, na kwa miezi kadhaa hadubini huonyesha vishada vya chembe nyekundu changa vimebanana kati ya seli za ini: kiungo hiki ni kiwanda cha damu kabla hakijaanza kutoa nyongo. Baadaye uboho wa mifupa huipokea kazi hiyo, ini likabaki ghala la chuma. Chuma hicho hutoka kwa mama, kingi chake katika miezi mitatu ya mwisho, hivyo mtoto njiti huzaliwa na akiba pungufu.

Ushahidi wenye uzito umo Pemba kwenyewe. Njia ya kwenda Vitongoji kutoka Chake Chake hupita Wawi, ilipo Maabara ya Afya ya Jamii Ivo de Carneri, iliyofunguliwa mwaka 2000 na kushiriki jaribio kubwa la kuwapa watoto wa mwezi 1 hadi 35 chuma na asidi ya foliki kila siku. Agosti 2003 chuma kilisitishwa: waliokipata walilazwa au kufa kwa asilimia 12 zaidi. Matokeo yalipotoka mwaka 2006, Shirika la Afya Duniani liliacha kushauri chuma kwa kila mtoto bila kupima penye malaria nyingi. Atatokea wa kusema kwamba hiyo ni habari ya malaria, wala hakuna aliyechungulia ini la mtoto yeyote. Kweli. Lakini katika kundi dogo lililopimwa damu mwanzoni, waliopungukiwa chuma walinufaika, wenye akiba ya kutosha hawakunufaika (ingawa, tusifiche, kundi hilo lilitibiwa malaria vizuri zaidi). Pingamizi zito zaidi ni kwamba malaria Zanzibar imeshuka mno tangu wakati huo. Imeshuka, na hatari ya kidonge imepungua nayo. Ghala lakini halijazwi na chandarua. Kwa mjamzito wa Vitongoji, vidonge vya kliniki, na dawa ya minyoo baada ya miezi mitatu ya kwanza, hulinda chuma kabla mtoto hajazaliwa, na mkunga anayesubiri dakika moja hadi tatu kabla ya kubana kitovu humwongezea mtoto damu ambayo chuma chake kitamfaa katika miezi ya kunyonya.