Jumapili, Saa Moja na Nusu Asubuhi

Kwenye kipindi cha wiki iliyopita tuligusa kidogo habari ya wazazi wanaorudi darasani Jumamosi, tukapita haraka kwa sababu ya muda. Ujumbe ulioingia baada ya hapo ulikuwa mwingi kuliko tulivyozoea, na karibu wote ulikuwa na neno moja ndani yake: aibu. Mama hataki majirani wajue. Baba anaficha daftari ndani ya mfuko wa Lidl ili aonekane anatoka dukani. Shangazi mmoja kule Leicester anawaambia wenzake kuwa Jumamosi "ana zamu". Basi nimeona niandike kwa urefu yale ambayo hayakuingia kwenye kipindi, maana mtu mzima kurudi kwenye a-e-i-o-u na kujumlisha mwishoni mwa wiki si jambo lililoletwa nchi hii na wageni. Waingereza walilianza wenyewe, kwa shida zao wenyewe, na walikuwa na aibu ileile.

Tuanze na daftari la ndoa. Tangu 1837 kila ndoa England na Wales iliandikwa kwenye rejista, na bwana na bibi harusi walitakiwa kuweka sahihi. Asiyejua kuandika aliweka msalaba, X. Mwaka 1841 karibu wanaume 33 katika kila 100 waliweka X. Wanawake walikuwa 49. Yaani bibi harusi mmoja kati ya wawili, katika nchi iliyokuwa tajiri kuliko zote duniani wakati ule. Nasisitiza hili kwa sababu wengi wetu tumelelewa na picha kwamba Mzungu alizaliwa na kalamu mkononi. Sheria ya kuweka shule za msingi kila mahali ilikuja 1870, na kulazimisha watoto wote wahudhurie ni 1880. Kabla ya hapo mtoto wa maskini alikuwa kiwandani au shambani, na akikua hajasoma, ndiyo basi.

Shule ya kwanza ya watu wazima inayotajwa sana ni ya Nottingham, 1798. Mmethodisti mmoja, William Singleton, aliifungua kwa ajili ya wasichana waliofanya kazi kwenye viwanda vya lesi na soksi. Baadaye kidogo akaichukua Samuel Fox, Mkweka (wale Wakristo wasio na mapadri, wanaojiita Marafiki), mwenye duka la vyakula. Walimu wake walikuwa wafanyakazi wa dukani kwake. Mwaka 1812 nyingine ikafunguliwa Bristol na William Smith, mtu aliyekuwa bawabu wa kanisa. Si profesa, bawabu.

Kwa nini Jumapili? Jibu si dini peke yake. Mtu wa kiwandani alifanya kazi siku sita, alfajiri mpaka usiku. Jumamosi nusu siku ilikuja baadaye sana. Siku moja tu ndiyo iliyokuwa yake, na hiyo nayo ilidaiwa na kanisa, na mke, na watoto, na usingizi. Kwa hiyo shule ikajibana pembeni kabisa: Jumapili asubuhi mapema, kabla ya ibada. Ukimwona mama yako leo ametoka zamu ya usiku Ijumaa, akalala saa mbili, akaamka kwenda darasani, ujue hesabu anayoipiga ni ileile. Maskini hasomi kwa muda wa ziada, kwa sababu hana muda wa ziada. Anasoma kwa kuukata usingizi.

Hapo ndipo ulipozuka ugomvi ambao ulinishangaza niliposoma mara ya kwanza. Kusoma Jumapili, sawa, maana unasoma Biblia. Kuandika je? Wamethodisti wengi walisema kuandika ni kazi, na kazi Jumapili ni dhambi. Lakini chini ya hoja ya dhambi kulikuwa na hoja nyingine. Hannah More, mwanamke aliyesifika kwa kupinga biashara ya watumwa na kwa kufungua shule za maskini huko Somerset, alisema waziwazi kwamba kwenye shule zake maskini hawatafundishwa kuandika. Wasome, wawe watu wema, watosheke na nafasi yao. Anayesoma anapokea, anayeandika anaweza kujibu. Anaweza kuandika malalamiko, kuandikia gazeti, kusoma mkataba na kuurudisha umekatwa mstari mwekundu. Wakubwa waliijua tofauti hiyo vizuri sana.

Sasa njoo Birmingham, mji ninaoishi. Kuna mtaa mfupi unaitwa Severn Street, karibu na Mailbox, pale watu wanapopita na mifuko ya ununuzi bila kugeuza shingo. Mwaka 1845 Joseph Sturge, Mkweka na mfanyabiashara wa nafaka, alifungua hapo shule ya Jumapili. Aliwalenga vijana waliopita umri wa shule za watoto, lakini wakaanza kuja wanaume wenye ndevu. Saa ikatulia kwenye moja na nusu asubuhi (kwa mliozaliwa huku: 7:30, msije mkachelewa). Na kuandika kulifundishwa palepale, Jumapili ileile, bila kuomba radhi. Kwa wengi kuandika ndiko kulikowavuta, maandiko yalifuata.

Mwalimu aliyejulikana zaidi hapo alikuwa George Cadbury, ndiyo, wa chokoleti. Alifundisha karibu miaka 50, kila Jumapili, darasa la vibarua na mafundi. Mimi si mpenzi wa hadithi za tajiri mwema, na ukweli ni kwamba tajiri akifundisha Jumapili bado ni tajiri Jumatatu. Lakini jambo moja kwenye madarasa yale nalipenda: hayakuwa ya kusoma tu. Yalikuwa na akiba, mfuko wa kusaidiana mtu akiugua, maktaba. Kina mama wetu wanaocheza kibati hapa mjini wangejiona nyumbani. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza shule hizi nchi nzima zilikuwa na watu kama 100,000. Kisha zikafifia, kwa sababu njema: watoto wa sheria ya 1870 walikuwa wamekuwa watu wazima, na walijua kusoma.

Sturge huyuhuyu, ambaye sanamu yake iko Five Ways mpaka leo, alitumia maisha yake kupiga vita utumwa. Alikwenda mwenyewe visiwa vya Karibi 1836 na 1837 kuona hali ya watu walioambiwa wako huru huku bado wanafungwa kwa mabwana wao. Na uzi huo unafika mpaka kwetu. Mwaka 1897, Sultani Hamoud bin Mohammed aliposaini amri ya kuondoa hali ya utumwa kisheria Unguja na Pemba, Wakweka walituma watu Pemba. Aliyekwenda kutafuta mahali ni Henry Stanley Newman wa Leominster, mmoja wa vinara wa shule hizi za Jumapili za watu wazima. Wakanunua shamba la karafuu Banani, karibu na Chake Chake, na mwaka uliofuata Newman akatoa kitabu chenye jina hilohilo. Watu walewale walioamini kwamba kibarua wa Birmingham anaweza kufundishika akiwa na miaka 50 waliamini hivyo pia kuhusu mtu aliyetoka utumwani Pemba. Nasema hivyo bila kuwapamba. Walikuja na dini yao, na wenyeji wa Pemba walikuwa na yao. Tena walikuwa na maandishi yao: kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu kulikuwapo pwani karne nyingi kabla. Bibi zetu wangapi walihesabiwa "hawajui kusoma" wakati wanaandika barua kwa herufi hizo? Hilo ni la kipindi kizima, tutarudi.

Turuke sasa miaka 70 hivi. Tanzania huru, 1967: karibu theluthi mbili ya watu wazima hawajui kusoma wala kuandika. Nyerere akautangaza 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Hoja yake ilikuwa ya mtu mwenye haraka: mtoto anayeanza darasa la kwanza leo atachukua miaka mingi kabla hajawa na mchango, nchi haiwezi kukaa inamsubiri, basi wasome wazazi. Madarasa yakafunguliwa kila mahali, chini ya miembe, kwenye ofisi za vijiji, viwandani, kwa kawaida alasiri watu wakitoka shamba. Vitabu vya kwanza vilifungwa na kazi ya mahali: penye pamba unasoma habari za pamba, penye ng'ombe habari za ng'ombe. Redio ikaingia na kampeni ya Mtu ni Afya mwaka 1973, iliyowakusanya watu kama milioni mbili kwenye vikundi vya kusikiliza na kujadili, kisha kwenda kuchimba vyoo. Walimu wa kulipwa hawakutosha, kwa hiyo waliomaliza darasa la saba walishika chaki. Watu wakawaita wanafunzi hao ngumbaru, na neno lenyewe mnajua linavyosemwa, kwa kicheko kidogo pembeni ya mdomo.

Agosti 1975 ulifanyika mtihani wa taifa wa kisomo. Matokeo yalionyesha wasiojua kusoma wamebaki asilimia 39. Kufikia 1986 takwimu za serikali zilisema chini ya asilimia 10. Mtu anaweza kubishana na kipimo, na wengi wamebisha. Kusoma jina lako na kusoma gazeti ni vitu viwili. Lakini kasi ile haikuwa ya mchezo.

Na Uingereza 1975? Mwaka uleule, Oktoba, BBC ilianza kurusha *On the Move*, vipindi vya dakika kumi, Jumapili jioni. Bob Hoskins aliigiza Alf, mbeba fanicha hodari wa maneno ambaye hajui kusoma na anaficha. Wanaharakati walikuwa wamekadiria kwamba watu wazima milioni mbili nchini humo walikuwa kama Alf. Miaka zaidi ya mia moja baada ya Severn Street, bado ilikuwa Jumapili, bado ilikuwa siri. Yaani mwaka mmoja, nchi mbili, kazi moja, na aliyetangulia ni Tanzania, kwa miaka mitano.

Nina sababu ya kuukazia mwaka huo. Mamangu alimaliza darasa la saba Muheza mwishoni mwa 1974. Mwaka uliofuata, akiwa na miaka 15, alikuwa mwalimu wa kisomo. Wanafunzi wake walikuwa wazee wenye mikono migumu ya jembe, chaki ilikuwa ikiwavunjikia. Anasema walichokitaka kwanza hakikuwa kitabu, walitaka kuandika jina lao, waache kuchovya dole gumba kwenye wino mbele ya karani. X ya Mwingereza na dole gumba la mzee wa Muheza, sioni tofauti.

Miaka miwili iliyopita, baada ya kusafisha ofisi za watu kwa miaka 27, mama alijiandikisha masomo ya msingi ya Kiingereza na hesabu, Jumamosi asubuhi. Kwenye fomu kulikuwa na sehemu ya elimu aliyonayo. Dada wa mapokezi alitafuta kwenye kompyuta, hakuona pa kuiweka darasa la saba ya Tanzania, akaandika "hakuna". Mama hakubisha. Jioni yake nilipomuuliza alisema, "Mwanangu, waache. Mimi niliwafundisha watu wenye umri wangu huu, najua siku ya kwanza inavyokuwa." Kisha akaniomba nimwonyeshe tena desimali.

Kwa wenye wazazi England ambao wanasitasita: mtu mwenye miaka 19 na zaidi ambaye hana GCSE ya Kiingereza au hesabu ya kiwango cha kufaulu, akiwa ametimiza masharti ya ukaazi, anasoma masomo hayo bure. Vyuo vingi vina madarasa ya Jumamosi. Siku ya kwanza atapewa jaribio la kumpanga darasa. Si la kufaulu wala kufeli, na ni vizuri aambiwe hivyo mapema, kwa sababu wengi hukimbilia pale.

Na kwa Wakenya mliokwisha kuandika "mbona hamjamtaja mzee Maruge", aliyeingia darasa la kwanza 2004 akiwa na miaka 84: yeye alikwenda kila siku na sare, soksi juu. Tumemtengea kipindi chake.

Ombi moja. Kama nyumbani kwenu, chini ya kitanda au kwenye sanduku la bibi, kuna kitabu cha kisomo, cheti cha 1975, au hata daftari lenye jina moja limeandikwa mara mia, lipigeni picha mtutumie. Msitupe. La mwanafunzi mmoja wa mama tayari tunalo: kurasa nne za "Salimu", herufi ya S kwanza imegeuka nyuma, na ukurasa wa nne imekaa sawa.