Kusahau si Ugonjwa: Kwa Nini Nasema Kififio

Karatasi imebandikwa kwenye ukuta wa kliniki moja ambayo sitaitaja, juu ya benchi la wazee wanaosubiri kupimwa presha. Kichwa chake kiko kwa herufi kubwa: UGONJWA WA KUSAHAU. Chini yake zimepangwa dalili: unasahau majina ya watu, unasahau ulipoweka vitu, unasahau miadi. Mwalimu mstaafu niliyeketi naye aliisoma mpaka mwisho, akavua kofia, akanong'ona, "Ndugu yangu, basi mimi nimekwisha." Asubuhi ile namba ya siri ya simu yake ilikuwa imemtoka, akashindwa kununua umeme.

Hajakwisha. Kasahau tu. Aliyemtia kiwewe ni mtafsiri.

Jina hilo, walilolitoa kwa maradhi ya ubongo yanayoitwa dementia kwa Kiingereza, limekwisha kuzagaa redioni na magazetini, nalo lina ndugu zake: "shida ya akili", "upungufu wa akili", na lile la kuaibisha kuliko yote, "kichaa cha uzeeni". Waliolipitisha sitawataja, maana baadhi yao tunaamkiana. Nitasema tu kwamba kama lilipitishwa na kikao, basi chai ya siku hiyo ililetwa mapema.

Tuanze na sahau yenyewe. Imetoka katika Kiarabu, sahw, na wanaozijua lugha hizi wanajua kwamba Kiarabu kina neno jingine, nisyan. Wanazuoni wa zamani waliyapambanua: sahw ni jambo kukutoka kwa muda huku bado limo ndani, ukishtuliwa unalikumbuka, nisyan ni jambo kukutoka lisirudi mpaka ufundishwe upya. Sasa tazama busara ya watu wa pwani. Yote mawili yalikuwa mbele yao, wakachukua sahw. Wakachukua lile jepesi, la kila siku, la kila mja. Ndiyo maana aliyepoteza hesabu ya rakaa hafukuzwi msikitini wala hapelekwi kwa daktari wa akili. Anasujudu sijda ya sahau, mara mbili, sala yake inatimia, anatoka kwenda kunywa kahawa na wenzake. Neno lililokuja nchini likiwa na dawa yake mkononi, leo tumelibandika ukutani kama hukumu.

Hata tukiiweka dini kando, lugha yenyewe inakataa. "Nimesahau" ni udhuru. Mtu husahau mwavuli kwenye daladala, husahau kama ametia chumvi mchuzini, humwita mjukuu kwa majina ya wajomba wote kabla ya kulifikia la kwake. Hilo lilikuwepo kabla hatujazeeka na litakuwepo baada yetu. Ukishaliita ugonjwa, umewageuza wagonjwa watu wote wenye watoto wadogo na usingizi haba. Na hofu inajilisha: anayejichunguza usiku kucha kama bado anakumbuka, asubuhi atasahau zaidi, kwa sababu hakulala. Madaktari hutuambia pia kwamba mara nyingi mwenye maradhi haya si yeye anayelalamika. Wanaolalamika ni mke na watoto, yeye anashangaa wanamwonea nini.

Halafu kuna hoja ambayo wenzangu wa vikaoni hawajapata kunijibu. Maradhi haya hayaanzi kwa kusahau kila mara. Mgonjwa aliyeyatia katika vitabu, Auguste Deter, alipelekwa hospitali ya Frankfurt mwaka 1901 akiwa na miaka 51. Alois Alzheimer, daktari aliyemhoji, alisoma taarifa yake mjini Tübingen mwaka 1906, na mwaka 1910 Emil Kraepelin akayaita maradhi hayo kwa jina la mwenzake. Katika taarifa ile dalili ya kwanza kuonekana kwa mama yule ilikuwa wivu. Alimwonea mumewe wivu. Kumbukumbu zilifuata baadaye, zikaporomoka upesi. Na iko aina nyingine inayoshambulia sehemu ya mbele ya ubongo, ambamo mtu mpole huanza kutukana wakwe na kufuja pesa, ilhali bado anakumbuka siku ya harusi yenu kuliko wewe. Huyo naye tumwambie ana ugonjwa wa kusahau?

"Shida ya akili" hainipotezei muda mwingi. Shida ya akili ni chochote, kuanzia sonona mpaka kufeli hesabu. Lakini neno akili lina nasaba tamu, na siwezi kulipita bila kulisalimu. Asili yake ni kufunga. Waarabu walikuwa na ndugu yake, jina la ile kamba anayofungwa ngamia goti asitoroke. Akili basi ni kizuizi, ni kile kinachomshika mtu asiende ovyo. Anayeitumia kutaja maradhi amesema kamba ina shida, hajasema imefungukaje. Na Kilatini kilichozaa jina la kimataifa hakikuwa na adabu zaidi: de na mens, kutoka nje ya akili. Wanaotutaka tuandike "demensia" wanatuletea tusi la Warumi lililovaa kanzu, na hata hiyo kanzu haijawakaa, maana mmoja anaandika demensia, wa pili dimensia, wa tatu dimenshia, wote katika ukurasa mmoja wa gazeti.

Yuko pia mwenzetu, msomi kwelikweli, aliyependekeza twende tena Uarabuni tukachukue kharaf, ndilo neno la maradhi haya huko. Nampa heshima yake. Lakini kharaf ni la ukoo mmoja na khurafa, lililotupa hurafa, yaani ngano na imani zisizo mashiko. Kwa hiyo bibi anayehitaji daktari angeitwa kwa jina linalonukia ushirikina. Pili, kh yetu hulainika kuwa h. Tungepata harafu. Sasa mpeleke mgonjwa wa harafu bara, umwambie muuguzi kwamba mzee ana harafu, umsikie akikuuliza: halafu nini?

Ninachopendekeza ni kififio.

Kiswahili kina mlango wa maradhi, nao ni ngeli ya ki-: kifafa, kisukari, kiharusi, kichocho, kifaduro, kisonono, kipindupindu. Mtu asiyejua kusoma akilisikia neno la ki- kutoka kwa daktari, ameshajua nusu ya habari. Nusu nyingine iko katika kufifia. Rangi hufifia, sauti hufifia, nuru hufifia. Hakuna kinachofifia kwa siku moja, na hakuna kinachofifia kwa kosa lake. Kitenzi hiki kinabeba mwendo wa pole, kinabeba upungufu, na hakimtukani mtu. Tena hakikubani kwenye kumbukumbu peke yake: huweza kufifia lugha, uamuzi, haya, njia ya kurudi nyumbani.

Nilipolitoa mbele ya watu, mjuzi mmoja alisimama kunisahihisha. Alisema nomino za ki- zenye -o mwishoni ni vyombo: kizibo cha kuzibia, kifuniko cha kufunikia, kichujio cha kuchujia, basi kififio kitakuwa kifaa cha kufifishia. Watu wakacheka, naye akaketi akiwa ameridhika. Namjibu hapa, kwa kuwa pale sikupewa nafasi ya pili. Kilio si chombo cha kulilia. Kicheko si kifaa cha kuchekea. Kipigo hakitundikwi ukutani. Na kama ni chombo cha kufifisha anachotafuta, Kiswahili kingempa kififishio, kwa kauli ya kutendesha, na angelijua hilo kama angekuwa amefika kwenye sura hiyo.

Wako wanaosema majina hayabadiliki kwa makala. Mwaka 2004 serikali ya Japani iliacha neno chihō, lenye maana ya upumbavu, ikaweka ninchishō, lenye maana ya maradhi ya utambuzi. Mwaka 2013 mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, DSM-5, ulilisukuma kando hata lile jina la Kilatini. Wenye lugha zao wanahariri. Sisi tunapiga chapa upya.

Wala si mambo ya Ulaya na Japani tu. Utafiti wa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, uliochapishwa mwaka 2013, ulikuta maradhi haya kwa takriban asilimia 6 ya watu wa miaka 70 na zaidi. Kazi ya huko ikazaa jaribio fupi liitwalo IDEA, ambamo mzee, pamoja na mengine, hutajiwa maneno ayarudie baadaye, huombwa ataje wanyama, na huwekewa njiti za kiberiti azipange kama alivyoonyeshwa. Ona kwamba haulizwi miwani yake iko wapi. Anapimwa kama bado anaweza kupanga, kutaja, kufuata. Na penye jina baya, jirani huweka la kwake. Bibi anayekutwa usiku wa manane uani kwa watu, hajui amefikaje, kwa baadhi ya vijiji vyetu jina lake liko tayari, nalo si la kitabibu. Wako waliouawa kwa jina hilo.

Matumizi ni mepesi: ana kififio, mwenye kififio, kififio cha Alzheimer, kififio cha mishipa kwa kile kinachotokana na kiharusi, wingi vififio.

Kusahau tukuache kwa wenye kusahau. Wakiona kumezidi, waende kliniki bila kusubiri, kwani upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo iliyolegea kazi, sonona, hata dawa za usingizi huvuruga kumbukumbu, na hayo yana tiba. Ndivyo nilivyomwambia mwalimu pale benchini, naye akaingia kupimwa akiwa bado hajaniamini.

Wahariri na waganga wakuu, ombi langu ni dogo: ile karatasi ibanduliwe. Mwenye neno bora kuliko kififio alilete hadharani tulipime. Mimi sina haja ya kushinda. Lakini asilete tena "ugonjwa wa kusahau", na asije na kamati.