Vampaya Aliyerudi Kudai Viatu

Wapo wanaoona kwamba filamu ya vichekesho ya What We Do in the Shadows, iliyoongozwa na Taika Waititi na Jemaine Clement na kuonyeshwa kwanza katika tamasha la Sundance Januari 2014, ilimvunjia vampaya heshima. Wanyonya damu wanne wamepanga nyumba moja mjini Wellington, New Zealand, nao wanaitana kikaoni kwa sababu Deacon, mwenye umri wa miaka 183, hajaosha vyombo kwa miaka 5. Kwa wakosoaji hao, bwana wa usiku ameng'olewa ngomeni akatupwa jikoni. Mimi nashikilia kwamba huko jikoni ndiko kwao. Ngome alijengewa na waandishi.

Ushahidi mzuri kuliko wote unatoka kijiji cha Kisiljevo, Serbia, mwaka 1725, eneo hilo likiwa chini ya Austria. Afisa aitwaye Frombald aliripoti habari za mkulima Petar Blagojević: baada ya kuzikwa kwake, watu 9 walikufa ndani ya siku 8, nao walipokuwa mahututi walimtaja yeye kuwa ndiye aliyewajia usingizini akawakaba. Mkewe alisema marehemu alimjia akidai viatu vyake, kisha mama huyo akahama kijiji. Wanakijiji walifukua kaburi, wakauchoma mwili kwa mti uliochongwa na kuuteketeza. Humo hamna joho wala cheo. Kuna mume aliyekosa viatu, na majirani anaowajua kwa majina. Ukabaila ulikuja baadaye, pale John Polidori alipomfanya vampaya wake kuwa lodi mwaka 1819, na Bram Stoker akafuata na Dracula mwaka 1897. Hata huyo Dracula, ajabu, hana mtumishi: Jonathan Harker, mgeni wake, anamchungulia na kumkuta akitandika kitanda cha mgeni na kuandaa meza kwa mikono yake mwenyewe. Stoker aliligusa jambo hilo akalipita upesi.

Yaweza kusemwa kwamba Waititi na Clement walichota kwenye sinema, si kwenye ripoti za Serbia. Ni kweli: Petyr, mmoja wa wale wanne, mzee wa miaka 8,000, ana sura ya Orlok, vampaya wa filamu ya Nosferatu ya 1922. Lakini vichekesho vya awali, kama kile cha Roman Polanski cha 1967, vilimwacha kabaila ngomeni na kuwachekesha watu kwa wanadamu wanaomwendea. Waongozaji hawa walimpeleka vampaya kwenye desturi waliyoijua ya vijana wa New Zealand: kuchangia kodi, kugawana zamu, kugombana. Ukishauliza nani anafagia na nani analipa, kabaila hana pa kukaa. Anabaki mtu wa nyumbani, kama Petar.

Hoja nzito zaidi ni kwamba kicheko kinaua hofu. Sikubali. Viago, mtanashati wa nyumba ile, anatandaza magazeti chini ya mgeni wake wa kike ili sakafu isichafuke, anamkarimu kwa adabu zote, kisha anamng'ata, na damu inaruka kila upande. Tunacheka kwa sababu ya magazeti. Mwanamke anakufa vilevile. Watu wa Kisiljevo hawakuhitaji ngome ili waogope: aliyewakaba alikuwa amekaa nao, akiwajua na kujua wanapolala.