Daftari za Gombe

Nimefundisha saikolojia ya elimu katika vyuo vya ualimu kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na sasa nimestaafu, nakaa hapa Mwanga, mjini Kigoma. Wanachuo wa Daraja A walikuwa hodari wa kukariri hatua za Piaget za ukuaji wa akili ya mtoto: huyu ana miaka miwili, yuko hatua hii, yule ana saba, yuko ile. Ukiwauliza Piaget alizipataje hatua zenyewe, darasa zima linainamia madaftari. Hatua ya kwanza kabisa aliieleza kwa kuwatazama wanawe watatu nyumbani Uswisi, akiandika siku baada ya siku wanachokifanya. Nadharia huanzia kwa mtu aliyekaa akatazama. Vitabu nilivyofundishia viliruka hapo, na viliruka pia kwamba mojawapo ya kazi ndefu kabisa za kumtazama mtoto na mama yake imefanyika kilomita kama 16 tu kaskazini ya mji wetu, na kumbukumbu zake nyingi zimeandikwa kwa Kiswahili.

Watoto hao ni sokwe. Najua wapo watakaocheka.

Jane Goodall alifika Kigoma Julai 1960, akiwa na umri wa miaka 26, hana shahada yoyote, ametumwa na mtafiti wa binadamu wa kale, Louis Leakey, kuja kuwatazama sokwe. Mji ulikuwa umefurika Wabelgiji waliokimbia Kongo baada ya uhuru wa Juni 30, ikabidi asubiri; yeye na mama yake, Vanne, wakasaidia kuwatengenezea wakimbizi mikate ya kujazwa nyama ya kopo. Walipovushwa kwenda Gombe, wakati huo pori la akiba, wenyeji ndio waliomwingiza msituni: Adolf Siwezi, askari wa wanyamapori, na Rashidi Kikwale, aliyezijua njia za milima ile. Mama yake naye alifungua kliniki ndogo ya kuwapa wavuvi dawa za kawaida. Kwa maoni yangu kliniki ile ilifanya kazi kubwa kuliko barua zote za serikali, maana mgeni anayekaa porini kutazama sokwe, hawindi wala halimi, angeaminiwaje?

Mwaka huo huo wa 1960 alimwona dume aliyempa jina la David Greybeard akichomeka jani la nyasi kwenye kichuguu na kuvua mchwa. Dunia ikashtuka kwamba mnyama anatumia kifaa. Sisi tunaogombania kumbikumbi mvua za kwanza zikinyesha tulimwelewa David bila taabu. Mimi hunivutia zaidi mambo yaliyofuata, ambayo hayakushangiliwa sana: jike mmoja mzee, masikio yamechanika, pua imevimba, aliyekuja kambini na watoto wake. Huyo ndiye Flo.

Flo alimzaa Flint mwaka 1964, akiwa amekwisha kuwazoea watu. Binti yake Fifi hakubanduka: alimgusa mdogo wake, akambeba, akacheza naye. Goodall aliandika yote hayo na kuyapeleka Cambridge, ambako Robert Hinde alimsimamia kwenye shahada ya uzamivu. Wakubwa wa pale walimkemea kwa kuwapa wanyama majina badala ya namba, na kwa kusema huyu ana haya, yule ana wivu. Hinde alimfundisha kuyasema hayo hayo kwa lugha ambayo mtaalamu asingeweza kuikataa. Hinde huyo huyo alikuwa karibu na John Bowlby, daktari wa London aliyekuwa akijenga nadharia ya mfungamano: kwamba mtoto hamng'ang'anii mama kwa sababu ya maziwa tu, bali kwa sababu kuwa karibu naye ni usalama wake. Bowlby alipotoa kitabu chake mwaka 1969, taarifa za sokwe wa Gombe zilikuwamo.

Mguu wa pili wa nadharia hiyo nao uko jirani. Mary Ainsworth, aliyewahi kufanya kazi na Bowlby, alifika Uganda mwaka 1954, akafanya utafiti chini ya taasisi ya utafiti wa jamii iliyokuwa Makerere. Akazizungukia familia 26 za Waganda kwa miezi kadhaa, anaketi sebuleni, anazungumza na mama na kumtazama mtoto: anamlilia nani, anamkimbilia nani, anathubutu kwenda mbali kiasi gani mama akiwapo. Jaribio lake maarufu la chumbani, la mama kutoka na kurudi, lilikuja baadaye, Marekani. Mwalimu anayeifundisha nadharia hii kama kitu cha Ulaya anawanyima wanachuo wake nusu ya habari.

Turudi kwa Flo. Alikuwa mama mzuri, mvumilivu, mwenye michezo, na Fifi alimfuata: alizaa watoto tisa. Lakini Flint alimshinda. Flo alikuwa amezeeka, hakuweza kumwachisha ziwa sawasawa, akazaa kitinda mimba aliyepotea kabla hajatimiza mwaka. Flint akarudia utoto. Katika umri wa miaka minane bado alilala kiota kimoja na mama yake. Flo akafa Agosti 1972, na Flint, katika wiki chache, akakosa hamu ya kula, akadhoofu, akafa karibu na mahali alipofia mama yake. Upande wa pili kulikuwa na Passion, jike aliyemlea binti yake Pom bila kumjali. Miaka ya sabini wawili hao walishirikiana kuwanyang'anya majike wengine vichanga na kuwala. Rahisi kusema malezi mabaya huzaa mtu mbaya. Mimi sisemi hivyo: mama mmoja na binti mmoja hawajengi kanuni. Hiyo ndiyo sababu ya kuendelea kufuatilia familia nyingi, kizazi baada ya kizazi.

Na ukifuatilia muda mrefu, nadharia hubanwa. Merlin alifiwa na mama akiwa na miaka kama mitatu. Dada yake alimchukua, lakini alinyong'onyea, akawa anajinyonyoa manyoya, na ugonjwa wa kupooza wa 1966 ukammaliza. Ukiishia hapo utasema yatima hapati wa kumwokoa. Mwaka 1987, baada ya ugonjwa wa mapafu kuua wengi, Mel, yatima wa umri ule ule, alichukuliwa na Spindle, dume kijana asiye ndugu yake, ambaye mama yake alikuwa amekufa katika ugonjwa huo huo. Spindle alimbeba mgongoni, akamgawia chakula, akamwingiza kiotani, na Mel akapona.

Kasoro zilikuwapo. Kwa miaka mingi sokwe walipewa ndizi kambini ili waonekane kwa urahisi, nao wakawa wanajazana pale na kupigana kuliko kawaida yao. Ndizi zilipunguzwa, hatimaye zikaachwa. Mtafiti hupenda kusahau kwamba naye yumo ndani ya anachokitazama.

Mei 1975 watu wenye silaha walivuka ziwa kutoka Zaire usiku, wakateka vijana wanne wa utafiti. Waliachiwa baadaye, lakini wageni walilazimika kuondoka, na wengi walidhani kazi imekwisha. Haikwisha, kwa sababu walikuwapo wenyeji kama Hilali Matama, Eslom Mpongo, Hamisi Mkono, Yahaya Alamasi na wenzao, waliokuwa wamekwisha kujifunza kazi. Hilali ndiye aliyeshuhudia, Januari 1974, madume wa kundi moja wakimshambulia Godi wa kundi jirani, mwanzo wa vita vilivyoshangaza wataalamu.

Kazi yenyewe ni hivi. Mnatoka kungali giza ili mumkute sokwe bado kiotani. Mnamfuata siku nzima kwenye mabonde yenye miiba, na kila dakika 15 mnaweka alama kwenye ramani: yuko wapi, yuko na nani, anakula nini. Kwa mama na mtoto kuna karatasi yake: ananyonya, amebebwa, anacheza, yuko umbali gani na mama. Maelezo marefu huandikwa kwa Kiswahili. Jioni akijenga kiota mnaandika mahali, mnashuka, kesho mnarudi pale pale.

Hesabu zilizotokana na ufuatiliaji wa aina hiyo si ndogo. Mwaka 2004 Elizabeth Lonsdorf na wenzake walionyesha kwamba mabinti wa sokwe hujua kuvua mchwa miezi kama 27 mapema kuliko wavulana, kwa kuwa wao humtazama mama wakati wavulana wanacheza. Kumbukumbu hizo sasa zinatunzwa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona, Marekani, na Goodall mwenyewe alifariki Oktoba 1, 2025. Daftari zinaendelea kujazwa.

Mkufunzi unayefundisha somo hili Kasulu au kwingineko mkoani, mpe Piaget wiki yake, kisha wapeleke wanachuo Kibirizi wapande boti ya kwenda Gombe. Wakirudi, mpe kila mmoja daftari akamfuatilie mtoto wa jirani kwa muhula mzima, kwa idhini ya wazazi, ndipo umtungie mtihani wa nadharia.