Jina la muchezo liliuzwa, muchezo ukabakia kwa wachezaji

Ninyi jamaa mulio kambini mbali na nyumba zenu, jioni munaona watoto wakisimama duara na kupiga kitu kidogo kwa muguu ili kisianguke chini. Hakuna goli, hakuna filimbi. Leo tuongelee muchezo mumoja wa namna hiyo, wa inchi ya mbali, na namna ulivyopata majina mawili.

Ilikuwa mwaka wa 1972, katika muji wa Oregon City, Marekani. John Stalberger alikuwa amepasuliwa goti, na alitafuta mazoezi ya kulirudishia nguvu. Akamukuta Mike Marshall akipiga-piga kwa muguu kamufuko kadogo kalikotengenezwa kwa mukono. Wakaanza kucheza pamoja. Muchezo wakauita Hacky Sack: neno la kwanza linatokana na kupiga, la pili ni mufuko. Kisha wakaingia katika kazi ya kutengeneza mifuko hiyo na kuiuza.

Mwaka wa 1975, Marshall akafa kwa ugonjwa wa moyo. Alikuwa na miaka 28 tu. Stalberger hakuacha kazi waliyoanza wote wawili. Mwaka wa 1983 akauza haki ya jina hilo kwa Wham-O, kompanyi ya California inayojulikana pia kwa kisahani cha kurusha kinachoitwa Frisbee.

Hapo ndipo jambo la jina linapoanza. Ninyi munajua: mama anamutuma mutoto dukani kununua Omo, mutoto anarudi na sabuni ya unga ya aina nyingine, na hakuna anayeshangaa. Lakini kwa sheria, Omo ni jina la mwenyewe. Hata Hacky Sack ni vile. Mutengenezaji mwingine hawezi kuliandika kwenye mufuko wake. Lakini kuna neno la wote, futibegi, maana yake mufuko wa muguu. Ndilo linalotumika katika mashindano, yale ya kupitisha mufuko juu ya wavu na yale ya kuonyesha ufundi.

Desturi za duara hazikuuzwa. Mikono haigusi. Anayeanza anamurushia mwenzake kwanza, hajianzii mwenyewe. Ukiangusha, huombi musamaha, kwa sababu kila mutu ataangusha. Na furaha kubwa ni pale wote katika duara wamegusa mufuko mbele haujaanguka.

Tena, watu wa Oregon hawakuwa wa kwanza. Uchina wanacheza jianzi, kitu chenye manyoya, tangu zamani sana. Malaysia na Thailand wana sepak takraw, mupira uliosukwa, unaopigwa kwa muguu na kichwa juu ya wavu. Kila mahali watu waliupa muchezo wao jina lao.

Ndiyo sababu nawaomba jambo moja. Michezo muliyocheza kijijini ilikuwa na majina. Watoto waliozaliwa kambini wanacheza, lakini wengi hawajasikia majina hayo. Hakuna kompanyi iliyoyanunua. Yanapotea kwa sababu hakuna anayeyataja. Jioni ya leo, baba, mama, koko, simameni karibu na duara lao. Waambieni kwenu muchezo ule uliitwaje.